Bango la Adui Ukutani: Vidokezo kwa Anayeanza Kukusanya Matangazo ya Nchi Zilizokaliwa Vitani

Jeshi la kigeni likishauteka mji, hazipiti siku mbili kabla kuta hazijajaa karatasi. Saa ya kuwa ndani, silaha za kusalimisha, bei ya mkate, adhabu ya atakayekaidi: yote hubandikwa pale kila mtu anapopita. Karatasi hizo zilichapwa haraka, zikanyeshewa, zikachanwa, zikafunikwa na nyingine. Zilizobaki ni chache na zinatafutwa sana, na kwa sababu hiyo mkusanyaji mgeni huuziwa ghali au huuziwa bandia. Vidokezo hivi vinahusu zaidi Ufaransa, Ubelgiji na visiwa vya Guernsey na Jersey, vilivyo chini ya taji la Uingereza, katika vita viwili vya dunia, kwa kuwa huko ndiko soko lilikochangamka. Lakini tutarudi nyumbani Afrika Mashariki pia, maana nasi tulikaliwa.

1. Chagua mji mmoja au kisiwa kimoja

Vita vya Pili vya Dunia ni vipana mno kwa mfuko na umri wa mtu mmoja. Bana eneo. Chukua Guernsey: Wajerumani walitua tarehe 30 Juni 1940, wakasalimu amri kwa Waingereza tarehe 9 Mei 1945. Kisiwa kidogo, karibu miaka mitano, magazeti mawili. Amri za kwanza zilitoka mwanzoni mwa Julai 1940: watu wawe ndani kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, silaha zikabidhiwe, saa zisogezwe mbele zilingane na za Ujerumani. Ukishaujua mtiririko wa amri za mahali pamoja, muuzaji akikuletea karatasi isiyo na nafasi katika mtiririko huo utamshtukia mara moja. Anayekusanya dunia nzima hana kinga hiyo.

2. Usikimbilie mabango yenye picha

Najua yanavutia. Lile la mwaka 1940 lililochorwa na Theo Matejko, la askari wa Kijerumani amempakata mtoto anayekula kipande cha mkate, huku Wafaransa wakiambiwa wamwamini, limechapwa katika vitabu vingi na bei yake inafanana na umaarufu wake. Mabango ya namna hiyo yanakuonyesha jeshi lilivyotaka lionekane, basi. Tangazo la maandishi matupu, lenye mistari kumi kuhusu redio au sungura au baiskeli, linakuonyesha watu walivyoishi. Na kwa kawaida ni rahisi zaidi.

Kuna jambo moja ambalo kila mkusanyaji anapaswa kulishika tangu siku ya kwanza: mara nyingi jambo hupigwa marufuku kwa sababu linafanyika. Katazo la namna hiyo ni ushahidi kwamba kulikuwa na watu wakilifanya. Katazo likirudiwa baada ya miezi mitatu na adhabu imepanda, yaelekea la kwanza halikusikilizwa. Kwa hiyo msururu wa matangazo matano kuhusu jambo lilelile, hata yakiwa yamechanikachanika, una thamani kuliko bango moja zuri la kutundika sebuleni. Wauzaji wengi hawalijui hili, nawe utanufaika.

3. Angalia saini kabla ya kitu kingine chochote

Tarehe 8 Julai 1941 lilitoka tangazo Guernsey la kutoa zawadi ya pauni 25 kwa mtu wa kwanza atakayempa mkuu wa polisi habari za kumtia hatiani yeyote aliyechora herufi V, au alama nyingine ya kuwaudhi Wajerumani, kwenye lango, ukuta au mahali popote penye macho ya watu. V ilikuwa alama ya ushindi iliyokuwa ikihimizwa na BBC mwaka huo, na vijana wa kisiwa walikuwa wakiichora usiku.

Sasa teremka chini ya karatasi usome jina. Si la kamanda wa Kijerumani. Ni la Victor Carey, mkuu wa serikali ya kisiwa chenyewe, mwenyeji. Baada ya vita Carey alipewa cheo cha "Sir" na Mfalme wa Uingereza, na hadi leo watu wanabishana: alikuwa akiwakinga wananchi wake dhidi ya adhabu kali zaidi, au alikwenda mbali kuliko alivyolazimishwa? Karatasi moja ndogo imebeba swali zima la maisha chini ya mvamizi. Bila saini ile ingekuwa tangazo la kawaida la zawadi.

Basi jiulize kila mara: aliyetia saini ni kamanda wa jeshi, mahakama ya kijeshi, meya, au mkuu wa polisi wa nchi iliyokaliwa? Panga mkusanyo wako kwa kigezo hicho badala ya ukubwa au rangi, na utaanza kuona mambo ambayo hukuyaona.

4. Tafuta tangazo linalojibu tangazo

Hapa ndipo penye utamu wa kazi hii, na hapa nitakawia.

Jacques Bonsergent alikuwa mhandisi kijana wa Paris. Usiku wa tarehe 10 Novemba 1940, karibu na stesheni ya Saint-Lazare, kundi alilokuwa nalo liligongana na askari wa Kijerumani, na mmoja wao akapigwa. Bonsergent alikamatwa, akakataa kuwataja wenzake. Tarehe 23 Desemba alipigwa risasi, na mabango ya lugha mbili, Kijerumani na Kifaransa, yakaenea Paris kuwaambia watu kwamba ameuawa asubuhi hiyo. Yalisainiwa na mahakama ya kijeshi. Wakazi wa Paris walianza kuweka maua chini ya mabango hayo. Wengine waliyachana. Ndipo polisi wa Paris wakatoa taarifa yao: kuchana au kuharibu bango la mamlaka ya Kijerumani kutahesabiwa kuwa hujuma na kuadhibiwa vikali. Bango la kwanza pekee ni habari ya kifo. Ukiliweka pamoja na taarifa iliyofuata, unapata mji mzima unaoomboleza waziwazi. Leo kituo cha metro jijini Paris kina jina la Bonsergent.

Brussels ya mwaka 1914 ina mfano mwingine, wa meya aliyepambana kwa karatasi. Wajerumani walibandika tangazo lililomwekea meya huyo, Adolphe Max, maneno kinywani kuhusu Ufaransa kuiacha Ubelgiji. Max naye akachapisha bango lake, akalikanusha tangazo hilo kwa maneno makali, akalibandika mjini. Jibu la gavana wa kijeshi lilikuwa kupiga marufuku bango lolote lisilo na kibali. Max alikamatwa tarehe 26 Septemba 1914 na kufungwa Ujerumani hadi mwisho wa vita. Ukikutana na bango la meya huyu kwenye orodha ya mnada, usiangalie tu kwamba ni la zamani. Angalia tarehe, kisha utafute la Wajerumani lililolitangulia na lililolifuata.

5. Soma mpangilio wa lugha na rangi ya karatasi

Nchini Ubelgiji katika Vita vya Kwanza mabango mengi ya mvamizi yalikuwa na lugha tatu: Kijerumani, Kifaransa na Kiflemi. Ndivyo lilivyokuwa lile la tarehe 12 Oktoba 1915 lililotangaza Brussels hukumu ya muuguzi Mwingereza Edith Cavell na mwenzake Philippe Baucq, ambao walikuwa tayari wamepigwa risasi alfajiri hiyo. Nchini Ufaransa katika Vita vya Pili ni lugha mbili, aghalabu katika safu mbili sambamba, ya Kijerumani upande wa kushoto.

Rangi nayo si pambo. Sheria ya Ufaransa ya tarehe 29 Julai 1881, ileile unayoiona hadi leo imeandikwa kwenye kuta za Paris kukataza kubandika matangazo, iliiwekea serikali karatasi nyeupe peke yake. Mtu binafsi akitaka kutangaza alitumia karatasi ya rangi. Sheria hiyohiyo ilitaka kila chapa iwe na jina na mahali pa mchapaji. Ukiletewa tangazo la meya wa mji wa Kifaransa lililo kwenye karatasi ya waridi na halina jina la mchapaji hata kwa herufi ndogo pembeni, uliza maswali.

6. Beba lenzi na taa

Nakala za ukumbusho zimeuzwa kwa watalii kwa miaka mingi, na si kosa, mradi ziitwe nakala. Tatizo huanza pale mtu wa tatu anapoichovya nakala kwenye chai, anaikunja mara nne, kisha anaisimulia hadithi ya babu. Yanayoigwa zaidi ni yale maarufu: tangazo la pauni 25, lile la Guernsey kuhusu Louis Berrier aliyeuawa mwaka 1941 kwa kurusha njiwa mwenye ujumbe wa kwenda Uingereza, na Bango Jekundu la Paris la Februari 1944.

Hilo la mwisho nilieleze kidogo, kwa sababu utalikuta kila mahali. Lina nyuso kumi za wapiganaji wa kundi la Missak Manouchian, Mwarmenia, na shabaha yake ilikuwa kuwaonyesha Wafaransa kwamba wanaowapinga Wajerumani ni wageni na Wayahudi na wahalifu. Wanaume 22 wa kundi hilo walipigwa risasi Mont-Valérien tarehe 21 Februari 1944. Olga Bancic, mwanamke pekee kati yao, alikatwa kichwa Stuttgart mwezi Mei. Miaka 80 baadaye, tarehe 21 Februari 2024, Ufaransa ilimwingiza Manouchian katika Panthéon, jengo la kuwaenzi mashujaa wake. Bango lililokusudiwa kuwadhalilisha ndilo lililofanya sura zao zikumbukwe. Lilichapwa kwa wingi wakati ule, hivyo la kweli lipo sokoni, lakini nakala ni nyingi mara nyingi zaidi.

Sasa vipimo. Kwanza, lenzi ya kukuza mara kumi. Matangazo ya maandishi yalichapwa kwa herufi za risasi zilizogandamizwa kwenye karatasi: wino hujikusanya ukingoni mwa herufi, na ukipitisha kidole kwa nyuma mara nyingine unahisi alama. Printa ya kisasa huacha vitone vidogo vya rangi vilivyotawanyika, hata pale unapodhani ni weusi mtupu. Pili, taa ya urujuanimno, ileile ya kukagulia noti. Kemikali za kung'arisha karatasi zilianza kutumika kwa wingi viwandani baada ya vita. Karatasi ikiwaka bluu-nyeupe chini ya taa hiyo, haikuchapwa mwaka 1941. Isipowaka haimaanishi ni halisi, ila angalau haijajifichua. Tatu, rula. Nakala nyingi zimepunguzwa ukubwa, na vipimo vya asilia unavipata katika katalogi za makumbusho.

7. Geuza karatasi

Nyuma ndiko kwenye wasifu wake. Mabaki ya gundi na chembe za chokaa yanasema ilibanduliwa ukutani. Matundu ya pini yanasema ubao wa ofisi. Ikiwa safi kabisa, pengine ilibaki stoo ya mchapaji bila kutumika, na hiyo pia ni asili halali.

Ukikuta muhuri wa maktaba au hifadhi ya nyaraka, simama hapo. Kama hakuna alama ya kuonyesha kwamba taasisi iliitoa kihalali, waandikie wenyewe kwanza. Kununua mali ya umma iliyoibwa hakukusaidii wewe wala historia.

8. Mfuko mdogo? Anza na magazeti

Katika Guernsey na Jersey gazeti lilikuwa ukuta wa pili. Amri ya kijeshi ilichapwa humo, na watu wakawajibika kuijua. Amri ya Septemba 1942 ya kuwahamishia Ujerumani wakazi ambao si wazaliwa wa visiwa, iliyotua kama radi kwa familia zilizopewa muda mfupi mno kufunga mizigo, ilitoka gazetini. Watu wapatao 2,200 walichukuliwa, wengi wakapelekwa kambi za Biberach, Bad Wurzach na Laufen. Toleo la gazeti la siku hiyo lina amri, na pembeni yake lina matangazo ya watu wanaobadilishana viatu kwa sabuni. Bango la ukutani halikupi hayo ya pembeni. Mimi ningeanzia hapa hata kama ningekuwa na fedha.

9. Andika asili, na uandike siku unayonunua

Nani amekuuzia, alipata wapi, nyumba gani, mji gani. Andika kwa penseli kwenye bahasha au jalada, kamwe si kwenye karatasi yenyewe. Hifadhi risiti.

Mwaka 1914 mke na mume wa Paris, Louise na Henri Leblanc, walianza kukusanya nyumbani kwao kila kilichochapwa kuhusu vita. Mwaka 1917 waliipa serikali ya Ufaransa mkusanyo wao, na leo ndio msingi wa taasisi ya La Contemporaine iliyoko Nanterre. Walikusanya wakati karatasi bado ni mbichi, wakajua kila moja imetoka wapi. Sisi tunaokusanya kwa kuchelewa tunawajibika kuandika zaidi yao. Picha za mabango mengi ya taasisi hiyo, na ya Imperial War Museum ya London, zinaonekana bure mtandaoni. Zitazame kwa miezi kadhaa kabla hujafungua pochi.

10. Jua sheria ya swastika

Matangazo mengi ya Kijerumani ya 1940 hadi 1945 yana tai na swastika. Ujerumani, kwa kifungu cha 86a cha sheria ya jinai, hukataza kuonyesha alama hizo hadharani isipokuwa kwa elimu, sanaa, utafiti na mambo ya aina hiyo. Austria na Ufaransa nazo zina makatazo yao. Majukwaa kadhaa ya mnada huziondoa bidhaa hizo. Uliza kabla ya kuagiza au kusafirisha. Na nyumbani kwako, usiitundike karatasi kama hiyo bila maelezo pembeni. Mgeni wako hajui kwa nini iko pale.

11. Itunze kwa hali ya hewa yako, si ya Ulaya

Karatasi ya vita ilitengenezwa kwa massa duni ya mti, ina asidi, inakauka na kuvunjika. Sisi wa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam tunaongezewa unyevu, mende na mchwa. Kwa hiyo: jalada lisilo na asidi, mfuko wa poliesta angavu, karatasi ilale bapa ndani ya sanduku lililoinuliwa juu ya sakafu, vipakiti vya silika jeli vinavyobadilishwa au kukaushwa mara kwa mara. Kama una kiyoyozi, kisiwe cha kuwasha na kuzima, maana kupanda na kushuka kwa unyevu huumiza kuliko unyevu wenyewe.

Usilaminishe. Usitumie selotepu hata kipande cha ukubwa wa ukucha: gundi yake hugeuka kahawia na haitoki. Mpasuko huzibwa kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano, na mhifadhi mwenye mafunzo akufanyie. Jua ni adui. Tundika nakala uliyopiga picha, halisi ikae gizani.

12. Usisahau ya kwetu

Mwaka 1916 Waingereza waliingia Tanga mwezi Julai na Dar es Salaam Septemba. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo jeshi la Kongo ya Wabelgiji chini ya Charles Tombeur liliingia Tabora, baada ya kushika Rwanda na Burundi. Fikiria: Brussels ikiwa chini ya mabango ya Wajerumani, Wabelgiji haohao walikuwa wakitoa amri Kigali na Tabora. Mkusanyaji anayeweka meza moja karatasi za Ubelgiji na za eneo letu ataiona vita hii kwa namna ambayo vitabu vingi vya Ulaya havijaionyesha.

Tangazo la ukutani la Kiswahili la kipindi hicho ni adimu mno. Mengi yalipigiwa mbiu au kusomwa barazani, na yaliyobandikwa yaliliwa na mchwa. Kinachopatikana ni ndugu zake wadogo. Stempu za Kongo ya Wabelgiji zilizogongwa juu yake, kwa Kifaransa na Kiholanzi, kwamba ni za eneo la Wajerumani lililokaliwa na Ubelgiji. Stempu za Afrika Mashariki na Uganda zilizogongwa herufi G.E.A., yaani Afrika Mashariki ya Wajerumani. Stempu za Mafia, kisiwa ambacho Waingereza walikiteka mapema, Januari 1915. Noti za dharura ambazo Wajerumani walichapa Dar es Salaam na Tabora baada ya manowari za Uingereza kufunga bahari, na zile za mwaka 1917 zilizochapwa porini. Zote ni matangazo ya utawala yaliyopita mikononi mwa watu.

Na katika Vita vya Pili tuligeuka upande: kutoka wanaokaliwa tukawa wanaokalia. Askari wa KAR (King's African Rifles) kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasa walikuwa miongoni mwa walioiteka Somalia ya Waitaliano mwaka 1941, na mwaka 1943 stempu za Uingereza zilizogongwa E.A.F., yaani majeshi ya Afrika Mashariki, zilitumika Somalia. Barua yenye stempu hiyo, iliyoandikwa na askari kwenda kwao, ingekuwa fahari ya mkusanyo wowote.

13. Kabla hujauza, piga picha

Hili namwambia asiyekusanya chochote. Kuna masanduku ya mabati Bagamoyo, Lindi, Ujiji na Kisumu ambayo hayajafunguliwa tangu bibi afariki. Akija mnunuzi wa vitu vya kale na kukupa bei ya rundo zima la makaratasi, mwombe arudi kesho. Piga picha kila ukurasa, mbele na nyuma, uandike ya nani na yalikaa wapi. Kisha wasiliana na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, ambayo nyaraka zake za enzi ya Wajerumani ziliingizwa mwaka 1997 katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia, au hifadhi za nyaraka za Nairobi na Zanzibar. Waonyeshe picha, uwaulize una nini. Uamuzi wa kuuza ni wako, lakini ufanye ukiwa unajua unachouza.